Kukata kamba, kusawazisha kamba tatu, au kuipitisha mwilini: uanze na mchezo upi?

Kijana mmoja wa Majengo, mtaa wa hapa Goma, alinifuata mwisho wa sherehe ya kutangaza matokeo ya shule, wakati nakunja vitu vyangu. "Yaya, nifundishe ule mchezo wa kamba." (Yaya ndivyo tunavyomwita aliyetutangulia kwa umri.) Nikamuuliza ni upi, maana siku ile nilikuwa nimecheza mitatu ya kiinimacho. "Wowote, ule mwepesi."

Jibu hilo limenikaa kichwani. Hakuna mwepesi kati ya ile mitatu. Kila mmoja una ugumu wake, na ugumu wenyewe haukai mahali pamoja: mmoja unakusumbua vidole, mwingine unakusumbua sokoni, mwingine unategemea nani amesimama nyuma yako. Anayeanza akichagua vibaya huvunjika moyo mapema, au huaibika mbele ya watoto na asirudi tena. Mimi mwenyewe nilipoteza karibu mwaka mzima na mchezo usionifaa, kwa sababu tu niliupenda nilipouona kwenye simu. Kwa hiyo naiweka hapa mitatu ubavu kwa ubavu, nikimfikiria mtu wa hapa Goma, mashariki mwa Kongo, mwenye kamba ya sokoni, anayecheza uani juu ya mawe meusi na si kwenye jukwaa lenye pazia.

Wa kwanza: mtazamaji anakata kamba katikati kwa mkasi, na kamba inarudi nzima. Wa pili: kamba tatu, fupi, ya kati na ndefu, zinalingana urefu mbele ya macho ya watu, kisha zinarudi kama zilivyokuwa. Wa tatu: kamba mbili zinazungushwa kiunoni mwa mtu, zinafungwa mbele, watu wawili wanavuta kila mmoja upande wake, na kamba zinatoka kana kwamba zimepita katikati ya mwili.

Wa kukata na mbinu iliyo ndani ya ule wa mwilini ni michezo ya kale sana. Mwingereza Reginald Scot aliieleza kwenye kitabu alichochapisha mwaka 1584: ukanda unaokatwa ukaungana, na shanga zinazochomoka kwenye uzi huku ncha zote zimeshikwa. Sababu iliyomfanya aandike inatuhusu sisi moja kwa moja, nitairudia baadaye. Ule wa kamba tatu ni wa juzi tu. Unahesabiwa kuwa wa Mmarekani Bob Carver, na ulienea miongoni mwa wacheza kiinimacho mwishoni mwa miaka ya 1950.

Watu wakisikia kamba na kiinimacho huniuliza pia ule wa India, kamba inayosimama yenyewe hewani, mtoto akaipanda mpaka akapotea. Huo uache. Habari iliyoueneza Marekani na Ulaya ilitoka kwenye gazeti moja la Chicago tarehe 8 Agosti 1890, na miezi michache baadaye gazeti lenyewe lilikiri kwamba habari ile ilitungwa. Hii mitatu ninayoizungumzia inafanyika kweli, kwa mikono miwili.

Kamba kabla ya yote

Ukipita Birere au soko la Virunga utakuta aina tatu za kamba kwa wingi: ya mkonge, ya nailoni, na ile nyeupe ya kuanikia nguo. Ya mkonge sahau. Ni ngumu, ina manyoya, inachoma kiganja, na haikubali kukunjwa padogo. Nailoni inang'aa vizuri ukiwa mbali, lakini inateleza, na ukiikunja inataka kujinyoosha yenyewe. Utaficha kitanzi mkononi, chenyewe kinasukuma vidole vifunguke. Tena ukikata nailoni nyuzi zake hutawanyika kama ufagio, na ukizichoma kwa moto ili zitulie unapata tone gumu jeusi ambalo kila mtu ataliona.

Tafuta ile nyeupe ya kuanikia, ya pamba, iliyosukwa, yenye unene wa milimita nane hadi kumi. Huwa ina kiini ndani, nyuzi zilizonyooka zinazoipa ugumu. Kiini hicho lazima kitoke. Kata kipande cha mita mbili. Kwenye ncha moja sukuma ganda nyuma kwa kidole gumba mpaka kiini kitokeze, ukikamate kwa koleo au kwa meno. Sasa usivute tu. Ganda likinyooka linabana kiini, likijikusanya linalegea. Kwa hiyo likusanye kwanza kama mtu anayekunja soksi kabla ya kuivaa, vuta kiini sentimita kumi, kisha sukuma yale makunjo yateremke mpaka upande wa pili. Rudia. Kipande cha mita mbili kinanichukua dakika tano, na kikiisha kamba inaning'inia mkononi kama kitambaa. Mara ya kwanza nilipoishika kamba ya namna hiyo nilielewa kwa nini vidole vyangu vilikuwa vikishindwa miezi yote ile. Tatizo halikuwa vidole.

Hapa michezo inaanza kutofautiana, na ni jambo dogo ambalo wengi hawaambiwi. Kamba tatu za mchezo wa pili zinahitaji ncha zilizotulizwa: shona kila ncha mizunguko michache kwa uzi mweupe, au tia tone la gundi ya mbao, zote sita zifanane. Lakini kamba ya kukatwa usiitie kitu chochote kwenye ncha. Baada ya mkasi, ncha ya zamani na ncha mbichi husimama pamoja juu ya ngumi yako, na watu wanaamini zote mbili zimekatwa sasa hivi. Moja ikiwa imeshonwa, mtoto mwenye macho ataiona kabla ya baba yake. Iache wazi, na dakika tano kabla ya kuanza ipunguze kidogo kwa mkasi ili iwe mbichi kama wenzake.

Jambo lingine ni la mji wetu. Ardhi ya Goma ni nyeusi. Vumbi la mawe ya Nyiragongo, mlima wetu wa moto, likishika kamba nyeupe halitoki kwa kupangusa, na kamba iliyoburuzwa uani mara mbili inakuwa ya kijivu na alama zake ni kama maandishi: mtazamaji anaweza kufuata doa moja kutoka mahali hadi mahali na akajua kipande kipi kimeenda wapi. Tandika kitenge chini ya miguu yako kila mara. Kamba zisizo na kiini zinafulika kwa sabuni ya kawaida, ila uzianike zikiwa zimenyooshwa, la sivyo hupungua urefu na kwenye mchezo wa kamba tatu hesabu yako imeharibika.

Wa kukata: unalia kwa nguvu, unakula kamba

Mbinu yake naweza kukueleza sasa hivi, na itakuchukua wiki kadhaa kukaa mkononi. Shika ncha mbili kwa mkono wa kushoto, zitokeze juu ya kidole gumba, katikati ya kamba ikining'inia chini. Mkono wa kulia unainua ile katikati kuileta kwenye ngumi. Inapofika nyuma ya vidole, gumba na kidole cha shahada vya kulia vinakamata kamba sehemu nyingine kabisa, chini kidogo ya moja ya zile ncha, vinaipandisha kupitia ndani ya kitanzi cha katikati na kuitokeza juu. Watu wanaona kitanzi kimepanda na wanajua ndiyo katikati. Kumbe katikati halisi imebaki ndani ya ngumi, na kile kilicho juu ni mwisho wa kamba uliokunjwa.

Mtazamaji anakata. Kinachokatika ni kipande cha sentimita kama 12, ambacho sasa kimekumbatiana na katikati ya kamba ndani ya ngumi yako. Unaachia ncha mbili za kamba ndefu zianguke, na mbele ya watu wote kuna kamba mbili zilizotengana. Unafunga kile kipande fundo kuzunguka kamba, watu wanaona kamba mbili zilizounganishwa kwa fundo. Namna ya kumalizia ziko nyingi. Mimi naizungusha kamba kwenye mkono wa kushoto, wa kulia ukiteleza juu yake na kuondoka na fundo kiganjani; kisha mkono huo huo unaingia mfukoni kurudisha mkasi na fundo linabaki huko. Kamba ikifunguliwa, haina fundo, haina mkato, na unaweza kumpa yeyote aishike.

Nguvu ya mchezo huu haiko kwenye kuungana. Iko kwenye sauti ya mkasi. Mama aliyekata mwenyewe, akasikia nyuzi zinakatika kati ya vidole vyake, hawezi kwenda nyumbani akasema nilimdanganya macho, ataeleza jirani kwa mikono yake, "mimi ndiye nilikata." Hakuna mchezo mwingine wa kamba unaompa mtazamaji kazi kubwa namna hiyo.

Na hapo hapo ndipo unapovunjika. Siku moja Himbi, kwenye sikukuu ya kuzaliwa ya mtoto, nilisahau mkasi wangu nikaazima wa jikoni. Ulikuwa butu. Kamba isiyo na kiini ni laini, badala ya kukatika ilijikunja kati ya makali mawili. Baba wa mtoto, mtu mwenye nguvu, akavuta mkasi juu akijaribu kuing'oa, na kitanzi changu cha uongo kikapanda kutoka kwenye ngumi pamoja na ncha yake. Msichana aliyekaa mbele akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Ona, ni mwisho wa kamba ule." Hakuwa ananicheka. Alikuwa anaeleza alichokiona, na alisema kweli. Tangu siku ile nina mkasi wa fundi cherehani ambao hauruhusiwi kukata kitu kingine, hata uzi wa shati.

Hesabu ya kamba iweke kichwani mapema. Ukianza na mita mbili na kila mchezo ukala sentimita 12, baada ya mara sita umebaki na mita 1 na sentimita 28. Chini ya hapo kamba inaonekana fupi mno, na watu huanza kujiuliza ilikuwaje wiki iliyopita ilikuwa ndefu. Hayo ni maonyesho. Mazoezi nayo yanakula, na mazoezi ni mengi kuliko maonyesho. Kwa mtu mwenye kipande kimoja tu cha kamba, huu ni mchezo wa gharama.

Wa kamba tatu: kamba haziishi, muda unaisha

Hapa hakuna mkasi. Unakata mara moja nyumbani na kamba hizo hizo unazitumia miaka. Siri yote iko kwenye vipimo: urefu wa fupi ukijumlisha na wa ndefu uwe mara mbili ya ule wa kati. Mimi natumia sentimita 25, 60 na 95. Fupi na ndefu ni 120, nusu yake ni 60. Sababu ni hii: ndani ya kiganja kamba fupi inakunjwa ikashikana na katikati ya ile ndefu, kama pete mbili za mnyororo. Upande mmoja zinatokeza ncha mbili za fupi, upande mwingine mbili za ndefu, na ya kati inapita moja kwa moja. Kwa mtazamaji ni kamba tatu zilizolingana.

Mahali pale zinaposhikana panameza urefu kidogo, kwa hiyo ndefu ikate ikiwa na ziada ya sentimita tatu, fanya mchezo mara moja mbele ya kioo, ndipo uipunguze.

Namna ya kuzishikanisha: shika ncha tatu za juu kwa mkono wa kushoto, zikifuatana fupi, kati, ndefu. Pandisha kwanza ncha ya chini ya fupi, lakini njiani ipite nyuma ya ile ndefu iizunguke kabla ya kukaa juu. Pandisha ya kati. Pandisha ya ndefu. Ncha sita ziko juu. Mbili za fupi na moja ya kati zinabaki kushoto, mbili za ndefu na moja ya kati zinakwenda kulia, halafu unavuta polepole, polepole sana, kama mtu anayenyoosha unga wa chapati. Upole huo ndio uzuri wenyewe. Macho yanaona kamba fupi inakua.

Wengi huishia hapo, na kwa siku za mwanzo inatosha. Anayetaka kumaliza shaka lazima ajifunze kuhesabu: "moja, mbili, tatu", kila kamba ikitoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia, zote sawa. Kwenye moja unachukua ile ya kati, ambayo ni halali. Kwenye mbili mikono inakutana, ya kati inarudi kushoto kimyakimya na wa kulia unaondoka na zile mbili zilizoshikana zikionekana moja. Kwenye tatu unachukua tena ya kati. Yaani ile moja imehesabiwa mara mbili. Kubadilishana huko kunachukua muda wa kupepesa jicho, na kulinichukua miezi minne. Nilikuwa nafanya mazoezi jioni umeme ukiwa umekatika, kwa kugusa tu bila kuona, na nadhani giza lilinisaidia kuliko kioo, kwa sababu vidole vilijifunza kutohitaji macho. Ukiangalia mikono yako wakati wa kuhesabu, watu wote wataiangalia pamoja nawe.

Ukiweka hii miwili pamoja, tofauti ninayoiona mimi ni kwamba wa kukata unamshtua mtu mzima na wa kamba tatu unamfurahisha mtoto. Mtoto mdogo hashangai kamba kuungana. Kwake vitu vingi huungana. Lakini fupi kulingana na ndefu, hilo analijua mwilini, maana kila siku anapimwa na kaka yake. Mimi nasimulia juu ya watoto watatu wa nyumba moja, mkubwa, wa kati na kitindamimba, na mama anayegawa ugali. Zinapolingana watoto hupiga kelele kabla sijasema neno. Kwa kamba iliyokatwa nimejaribu hadithi nyingi na bado sijapata inayokaa vizuri namna hiyo.

Nani amesimama nyuma yako

Swali hili lingekuwa la kwanza kama watu wangeniuliza mimi. Vitabu na video nyingi zinadhani watazamaji wamekaa mbele. Hapa kwetu watoto hawakai mbele. Mwaka 2023 nilikwenda kucheza kambi ya wakimbizi wa ndani ya Bulengo, na kabla sijafungua mfuko walikuwa wamenizunguka pande zote, wengine wameketi karibu na visigino vyangu, wengine wamepanda mawe ili waone kwa juu. Nilianza na kamba tatu. Mvulana aliyekuwa nyuma ya bega langu la kushoto aliona mahali kamba zinaposhikana, akawaambia wenzake, na mduara wote ukahamia upande wake kuangalia.

Niliacha nikatoa kamba ya kukata. Ngumi iliyofungwa haina mbele wala nyuma. Ukiifunga vizuri na kuiweka karibu na kifua, aliye pembeni na aliye juu ya jiwe wanaona kitu kile kile. Watoto wale wakanyamaza mpaka kamba ilipofunguliwa nzima. Kwa uani, barabarani, sokoni, popote ambapo watu wanakuzunguka, wa kukata hauna mpinzani. Kamba tatu zinafaa darasani, kanisani kwenye mabenchi, sebuleni ukiwa umeupa ukuta mgongo. Angalia na mwanga pia: taa ya sola ikiwa nyuma yako inapenya kati ya vidole na kuchora kivuli cha kile unachokificha.

Wa kiunoni

Huu nitaupitia haraka kwa sababu simshauri mtu auanze nao. Kamba mbili za mita mbili na nusu, kila moja imekunjwa nusu, na katikati zake zimefungwa pamoja kwa uzi mwembamba. Watu wanaona kamba mbili zinazokwenda sambamba, kumbe kila moja imerudi ilikotoka. Unaziweka nyuma ya kiuno cha mtu, ncha zinakuja mbele, unachukua ncha moja kila upande unazifunga fundo moja la kawaida, unarudisha ncha kwa wavutaji. Wanavuta, uzi unakatika, kamba ziko mbele zimenyooka.

Vidole havina kazi kabisa hapa, na ndiyo maana wanaoanza huupenda. Lakini kila kitu kinategemea uzi. Uzi wa cherehani unaouzwa sana sasa ni wa poliesta, na haukatiki. Watoto watavuta, aliye katikati atabanwa tumbo, na wewe utabaki unatafuta mkasi. Lazima uwe wa pamba, mzunguko mmoja tu, na uujaribu nyumbani kwa kuuvuta mara kadhaa. Na mwisho wa mchezo kipande cha uzi kinabaki kwenye kamba, huwezi kumpa mtu aichunguze.

Kuna jambo ninaloliogopa zaidi. Utawakuta watu mtandaoni wanaufanya mchezo huu shingoni. Usifanye shingoni, hata siku moja, hata kwa mtu mzima aliyekubali, hata uzi uwe umeujaribu mara mia. Uzi ukigoma kiunoni ni aibu. Ukigoma shingoni ni mauti. Na watoto wakikuona umefanya kiunoni watakwenda kujaribu wenyewe popote watakapoona pana maajabu. Ndiyo maana mimi huufanya kwa koti lililotundikwa kwenye fimbo, si kwa mwili wa mtu, na mikono ya koti ikiwa imepitishiwa kamba. Unapendeza vilevile.

Neno la uchawi

Scot aliandika kitabu chake mwaka 1584 kwa sababu watu wa nchi yake walikuwa wanahukumiwa kwa uchawi, naye akataka kuonyesha kwamba mengi yanayoitwa uchawi ni ujanja wa mikono. Ndiyo maana aliweka mle michezo ya kamba. Nikilisoma jambo hilo nikiwa Goma sioni kama ni habari ya zamani. Hapa mtoto anaweza kuitwa mulozi, yaani mchawi, kwa sababu ndogo kabisa, akafukuzwa nyumbani. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu anayemtuhumu mtoto uchawi, lakini tuhuma hukimbia kuliko sheria.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza mchezo upi unashangaza zaidi, uliza mchezo huu utamwacha mtoto na jina gani. Wacheza kiinimacho wa kwingine humwambia mtoto apulize kamba, kisha wanasema nguvu zake ndizo zilizoiunganisha. Mimi sifanyi hivyo. Mtoto aliyesifiwa leo mbele ya mtaa mzima kwamba ana nguvu, kesho mtu akiugua nyumbani kwao sifa ile inaweza kumgeukia. Nguvu zote naziweka kwenye mikono yangu na kwenye mazoezi, na nalisema kabla sijaanza: "Huu ni mchezo wa mikono, nimeujifunza, na wewe ukitaka utajifunza." Sitii unga, sisemi maneno ya siri, siombi jina la mtu yeyote.

Kwa upande huu kamba tatu zina nafuu kubwa. Mtoto akishika ncha anasaidia kunyoosha tu, hajafanya muujiza. Kwenye wa kukata, aliyekata ni mtu mmoja na macho yote yako kwake, basi mkasi naukabidhi kwa mtu mzima, na ningefanya hivyo hata kama mkasi usingekuwa na makali. Ule wa kiunoni ni mgumu kuliko yote, kwa kuwa kinachoshangaza ni mwili wa mtu wenyewe, kamba imepita ndani yake asidhurike. Watu wazima wawili waliwahi kumfuata mwanamke niliyemtumia wakamuuliza kama alihisi kitu tumboni. Hawakuwa wanatania. Siku ile ndipo nilipohamia kwenye koti.

Basi, kijana wa Majengo

Nilimuuliza mambo matatu. Utacheza wapi? Shule ya Jumapili, watoto wako kwenye mabenchi. Una kamba kiasi gani? Mita mbili, nimepata hela ya hizo tu. Watazamaji ni wa umri gani? Miaka sita hadi kumi. Angesema anacheza kituo cha pikipiki, watu wamemzunguka, watu wazima, na shemeji yake anauza kamba, ningemwambia anunue mkasi mzuri na aanze na wa kukata asiangalie nyuma. Kwa majibu aliyonipa, ni kamba tatu, na mgongo uwe ukutani.

Alirudi baada ya siku chache na kamba zake zimetolewa kiini, ncha sita zimeshonwa vizuri kuliko zangu. Kumbe mama yake hushona. Sentimita 25, 60, na 98 zenye ile ziada. Kwenye mita mbili kilikuwa kimebaki kipande cha sentimita 17, amekileta mkononi akaniuliza, "Yaya, na hiki nikitupe?"

Nikamwambia akitunze. Kipande hicho akikikunja juu ya katikati ya ile kamba ndefu na kukishika ndani ya ngumi, tayari yuko mahali pale pale mkasi unapomwacha mtu kwenye mchezo wa kukata. Anaweza kufanya mazoezi ya fundo, ya kuzungusha kamba mkononi, na ya kuondoka na fundo kwenda mfukoni, usiku kucha, bila kukata hata uzi mmoja. Siku atakapopata hela ya kamba nyingine, nusu ya mchezo atakuwa anaijua.